Memphis Belle "ilirudi" au "alirudi"?

SWALI: Katika makala yangu kuhusu picha zilizochorwa puani mwa ndege za mabomu za Marekani, Vita Kuu ya Pili, niliandika: "Memphis Belle ilirudi salama na wahudumu wake 10." Mhariri akabadili kuwa "alirudi", kwa hoja kwamba jina hilo ni la mrembo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe. Upatanisho wa kisarufi hufuata kile kinachozungumziwa, si jina kilichobandikwa. Simba akila mbuzi tunasema "amekula". Simba ya Msimbazi ikifunga bao tunasema "imefunga". Hata neno ndege ni hivyo hivyo: ndege huyu ana mayai, ndege hii ina injini.

Tazama hatari ya kupuuza kanuni hii. Rubani Paul Tibbets aliipa ndege yake jina la mama yake mzazi, Enola Gay, likaandikwa puani. Agosti 6, 1945 ndege hiyo ikadondosha bomu la atomiki Hiroshima. Ukiandika "Enola Gay alidondosha bomu", umemtwika mama wa watu mauaji ya mji mzima. Enola Gay alimzaa Tibbets. Enola Gay ilidondosha bomu. Herufi moja tu, lakini ndiyo inayomtenga mtu na chombo.

Memphis Belle ina ugumu zaidi, kwa kuwa juu yake kuna mtu aliyechorwa. Rubani Robert Morgan aliiita hivyo kwa ajili ya mpenzi wake, Margaret Polk wa Memphis. Tony Starcer akachora msichana mwenye simu sikioni, upande wa kushoto wa ndege kavaa buluu, wa kulia nyekundu. Hapo viambishi vyote viwili vina kazi: "Ndege ilitimiza safari 25 za mashambulizi Mei 1943, na msichana wa puani alikuwa bado kashika simu yake."

Mwanajeshi akiisimulia ndege yake kama mpenzi, mwachie "alitulinda" ndani ya alama za kunukuu. Hiyo ni tashihisi, nayo ni haki yake. Nje ya nukuu, rudi kwenye "i-".

Ila "wahudumu" libadilishe. Wahudumu wa ndege ni wale wanaowahudumia abiria. Hawa walikuwa marubani, mwongoza njia, mlenga mabomu na wapiga bunduki. "Wanajeshi wake 10" inatosha, na "wake" haina shida: ni sahihi kwa mtu na kwa ndege.