Nukta ya kijani kwenye kioo cha kompyuta: acheni kubonyeza

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Mbeya, nimepanga Iyunga. Nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika pale Mwanjelwa, ya inchi 14. Karibu na katikati ya kioo kuna nukta moja ya kijani isiyoondoka, na skrini ikiwa nyeusi ndiyo inaonekana zaidi. Mwenzangu wa chumbani alisema ni baridi ya Julai, akaibonyeza kwa mfuniko wa kalamu uliozungushiwa kitambaa. Ikapotea, ikarudi, na sasa pembeni yake kuna wingu jeupe. Fundi mmoja ameniambia nisipowahi nukta itasambaa kioo kizima, kwa hiyo apige Windows upya kisha aipashe kwa bloa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza, kioo hicho kisibonyezwe tena na mtu yeyote. Kama kina pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 1366 kwa 768, kama vilivyo vingi vya mitumba ya ukubwa huo, basi zipo pikseli 1,049,088, na kila moja ina vipande vitatu, chekundu, kijani na bluu, kila kipande na transista yake, yaani swichi ndogo ya umeme. Kwako kimeharibika kipande kimoja cha kijani kati ya zaidi ya milioni tatu. Hilo wingu jeupe ni tatizo jingine kabisa, na limeletwa na mfuniko wa kalamu.

Huu ushauri wa kubonyeza ndio unaonichosha kuliko wowote, kwa sababu unaonekana kufanya kazi. Ndani ya skrini kuna bamba mbili za kioo, na kati yake kimiminika kinachoamua mwanga upite au uzuiwe. Nafasi hiyo ni mikromita chache tu. Unywele wa kichwani ni mnene mara kumi na zaidi. Ukibonyeza, bamba zinakaribiana, kimiminika kinahama, mwanga unapita vingine, nukta inafifia. Ukiachia, kimiminika kinarudi mahali pake na nukta inarudi nayo. Transista iliyoharibika haijaguswa hata kidogo. Matapeli wanaijua vizuri dakika hiyo moja. Anabonyeza mbele ya mteja, nukta inapotea, anapokea hela, mteja anapanda daladala. Akifika Uyole na kuiwasha, nukta ipo palepale.

Wapo watakaokuapia kwamba kwao ilipona moja kwa moja. Mara nyingine kilichokuwepo ni chembe ya vumbi iliyonasa nyuma, kwenye karatasi za plastiki zinazosambaza mwanga wa taa iliyo nyuma ya kioo, na ilisogea iliposukumwa. Haikuwa pikseli. Karatasi hizohizo ndizo zinazoumia kwa kubonyezwa: zikishapata alama, mwanga wa taa hautoki sawasawa, na ndiyo maana unaona wingu. Hakuna programu inayoliondoa. La kukutuliza ni kwamba lisipokandamizwa tena, kwa kawaida linabaki lilivyo.

Sasa hilo la kusambaa. Pikseli haiambukizi jirani yake. Kinachokua ni doa jeusi au la zambarau lenye kingo zisizonyooka, na hilo ni ufa: kioo kimepasuka ndani na kimiminika kinavuja. Mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini nao ni jambo lake, la waya wa kioo au viunganishi vya pembeni. Fundi anayezichanganya hali hizi tatu na kuzitolea dawa moja, ama hajui kazi ama anataka hela yako. Vyovyote iwavyo, asifungue kompyuta yako.

Kupiga Windows kwa ajili ya nukta ya kioo kunanikasirisha zaidi, maana mwanafunzi anapoteza ripoti ya mafunzo kwa vitendo na picha zake zote, halafu anarudishiwa kompyuta yenye nukta ileile. Jaribu mwenyewe bila kumlipa mtu. Nasa picha ya skrini kwa kitufe cha kibodi, itume kwenye simu. Kama nukta haipo kwenye picha hiyo, Windows haihusiki. Au izime, uiwashe na uangalie kabla Windows haijaanza kupanda: nukta ikionekana wakati huo, kosa ni la kioo.

Bloa nayo, hapana. Juu ya kioo kuna utando wa plastiki uliobandikwa kwa gundi, na pembeni kuna vipande laini vya nyaya vilivyoshikizwa kwenye kioo chenyewe. Joto la bloa linaukunja utando na kulegeza viungo, na hapo ndipo mtu aliyekuja na nukta moja anaondoka na mistari kumi. Baridi haikuua pikseli yako. Kimiminika kikipoa sana kinakuwa kizito, na asubuhi za Makete au Njombe unaweza kuona picha inaburuta. Iache iwake, itapata joto lenyewe. Usiisogeze karibu na jiko la mkaa, na wewe mwenyewe usilale na jiko hilo ndani ya chumba kilichofungwa; hewa yake inaua.

Lipo jambo moja halali la kujaribu: programu za kumetameta rangi, ambazo hubadilisha nyekundu, kijani na bluu kwa kasi juu ya nukta. Pikseli iliyoganda inaweza kuachia, ingawa si lazima. Weka dirisha lake dogo juu ya nukta tu, acha saa kadhaa chaja ikiwa imechomekwa, na usikae kuitazama. Kama chumbani kuna mwenye kifafa, usiifungue mbele yake kabisa, maana mwanga wa namna hiyo unaweza kumwamshia degedege.

Kabla ya kuweka matumaini, tazama kioo kutoka chini, kichwa kikiwa usawa wa kibodi. Rangi zikigeuka, weusi ukawa weupe, hicho ni kioo cha aina ya TN. Kwenye aina hiyo, kipande kisichopata umeme hupitisha mwanga, kwa hiyo nukta inayong'aa inaweza kuwa ya transista iliyokufa kabisa, na kumetameta hakutaifufua. Kwenye kioo cha IPS ni kinyume: kisichopata umeme hubaki giza, na nukta inayong'aa ina nafasi nzuri zaidi ya kuachia.

Isipoachia, iache na uendelee na masomo. Kubadilisha kioo kizima kwa nukta moja ni kupoteza fedha. Hata kwenye kompyuta mpya si kila nukta inakupa haki ya kubadilishiwa; kiwango cha kimataifa ISO 9241-307 kinapanga skrini kwa madaraja, kulingana na idadi ya pikseli mbovu zinazovumiliwa katika kila milioni.

Na siku ukilazimika kubadilisha, kwa ufa si kwa nukta, kaa hapohapo fundi akifungua. Nyuma ya kioo kuna lebo yenye namba ya modeli: ipige picha, kisha ulinganishe na ya kinachowekwa. Plagi za pini 30 na za pini 40 haziingiliani, na inchi kulingana hakutoshi. Wapo wanaotoa kioo kizima cha mteja na kumrudishia kilichochoka kuliko cha kwanza, na asiyekuwepo hana cha kudai.

Mnaokwenda kununua mitumba Mwanjelwa au Kabwe, bebeni kwenye flashi picha tano za rangi tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu. Futa kioo kwa kitambaa laini kikavu, fungua kila picha ijaze skrini, kagua pembe zote nne, kisha tazama kutoka pembeni kama kuna mawingu. Fanya hivyo dukani, kabla ya kulipa. Muuzaji akikwambia huna haja ya kukagua, irudishe mezani na uende duka la pili.