Mwili wa mzamiaji wa kina: ushauri kwa vijana wanaoanza

Vijana wengi wanaotaka kutoka udaivimasta, yaani kuongoza wazamiaji wa burudani, kuingia uzamiaji wa kiufundi, ule wa kina kirefu wenye kupanda kwa vituo, huniuliza waanze gym lini na wanyanyue kilo ngapi. Uzito upo, sikatai. Mitungi pacha ya chuma ya lita 12, pamoja na bamba la mgongoni, vali na regileta (kifaa cha kupumulia), inakaribia kilo 40, na hapo hujaning'iniza ubavuni mitungi ya dekompresheni, yaani ya kupumulia unapopanda kwa vituo ili gesi iliyoingia mwilini itoke taratibu. Lakini mzigo huo unaubeba dakika chache tu, kutoka kwenye benchi hadi ukingo wa boti. Ukishazama kinachokupima ni pumzi: unahema kiasi gani ukiwa kazini, na unachukua muda gani kutulia.

Vipimo rasmi vipo na ni vyepesi kuliko mnavyodhani. Waliopita PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, wanakumbuka mtihani wa daivimasta: kuogelea mita 400, mita 800 kwa barakoa na mapezi, kuelea dakika 15, na kumvuta mwenzako mita 100. GUE, shirika jingine la mafunzo, ambao ni wakali zaidi, kwa kozi ya msingi wanataka mita 275 bila kusimama chini ya dakika 14, na kwa kozi za kiufundi mita 365 kwa muda uleule. Mvuta sigara hawampokei kabisa, na naunga mkono. Kijana aliyekulia Shimoni au Nungwi atavimaliza vipimo hivi bila shida. Asidhani basi kwamba yuko tayari, maana vyote vinafanyika juu ya maji, kwenye hewa nyepesi.

Chini mambo hubadilika. Lita moja ya hewa hapa juu ina uzito wa gramu 1.2 hivi. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne, kwa hiyo lita ileile inafika kama gramu 5. Kuivuta na kuitoa ni kama kunyonya uji mzito kwa mrija. Wataalamu wanapendekeza gesi unayovuta isizidi gramu 5.2 kwa lita, na isipite 6.2 kwa hali yoyote. Kwa hewa ya kawaida kikomo cha kwanza unakifikia ukivuka mita 30 kidogo, na cha pili kabla hujafika 40. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuchanganya heliamu, mbali na kuzuia ulevi wa naitrojeni, yaani akili kulewa kwa naitrojeni ya hewa unayovuta kwenye kina.

Sasa weka kazi juu ya hali hiyo. Misuli inazalisha hewa ukaa, mapafu hayaitoi kwa wakati, inajaa kwenye damu. Unatamani kuhema zaidi, na kila unavyohema zaidi kwenye gesi nzito ndivyo kazi ya kuhema yenyewe inavyozalisha hewa ukaa nyingine. Ulevi wa naitrojeni unazidi, hatari ya sumu ya oksijeni inapanda, kiwewe kinaingia. Nguvu za miguu hazikuokoi hapo. Aliyejaa misuli akipiga mapezi kwa hasira anajifikisha huko haraka kuliko mwembamba anayekwenda polepole.

Kisa cha David Shaw kila mwanafunzi wangu hukisikia. Alikuwa rubani wa Australia, mtu mwenye nidhamu, aliyefika mita 270 katika pango la maji la Boesmansgat, Afrika Kusini. Januari 2005 alirudi kuuchukua mwili wa mzamiaji aliyefia humo mwaka 1994. Kamba ilimtatiza, kazi ikawa kubwa kuliko alivyopanga, naye akafa kwenye kina hicho. Kamera ya kichwani ilirekodi kila kitu, na walioichambua waliona jinsi upumuaji wake ulivyokuwa ukielemewa hadi hewa ukaa ikamshinda.

Wengine mnakuja kwa sababu mnataka kazi ya uokoaji. Nia njema sana. Gari lililoteleza kutoka kivukoni Likoni tarehe 29 Septemba 2019 lilikutwa kwenye kina cha mita 58 hivi, kwenye mkondo, na halikutolewa hadi Oktoba 11. Kufunga kamba kwenye chuma, gizani, kwa shinikizo la karibu mara saba: jipimeni kwa kazi ya namna hiyo.

Ninyi mliokulia kuzamia pweza na kombe mna zawadi moja na mtego mmoja. Zawadi ni utulivu, haufundishiki kirahisi. Mtego ni kubana pumzi. Mnaona fahari mtungi ukirudi umejaa, basi mnavuta, mnabana, mnatoa kidogo. Kwa pumzi moja ya kuzamia pweza hilo ni ustadi. Kwa saa moja na nusu kwenye kina ni kujilimbikizia hewa ukaa kwa hiari, na ukibana wakati wa kupanda unaweza kupasua pafu. Pumua kwa kina, taratibu, toa yote.

Mazoezi yangu ni ya kuchosha akili zaidi ya mwili. Vaa mapezi, ogelea dakika 40 kwa mwendo mmoja, maji mafu kwanza, baadaye bamvua. Tembea mchangani, panda ngazi, fanya skwoti kwa ajili ya magoti na mgongo. Mara moja au mbili kwa wiki ogelea kwa kasi hadi uhemewe, simama, kisha hesabu muda pumzi inavyorudi. Muda huo ukipungua mwezi hadi mwezi, unaenda vizuri.

Fomu ya afya ya wazamiaji, iliyotengenezwa upya mwaka 2020, inauliza kama unapata taabu kutembea kilomita 1.6 kwa dakika 14 au kuogelea mita 200 bila kupumzika, na kama umepita miaka 45. Nawaona vijana wakijaza "hapana" kote bila kusoma, kwa kuogopa kunyimwa kazi. Pumu na presha mwambieni daktari. Presha inaweza kukujaza maji mapafuni ukiwa umezama. Miraa acheni, inapandisha presha na mapigo ya moyo. Na kwa tunaofunga Ramadhani: kozi ya dekompresheni ipangwe kabla au baada ya mwezi, kwa sababu mwili mkavu kwenye joto letu si mwili wa kuingia nao kwenye kina.

Jambo la mwisho linawahusu hasa mnaofanya kazi kwenye vituo. Mgeni akitoka majini anakalishwa na kupewa chai. Wewe unatarajiwa kuburuta mitungi hadi kwenye kompresa. Baada ya kuzama kwa dekompresheni usikubali. Kujikamua na mzigo mzito wakati huo kunaweza kusukuma viputo pasipotakiwa. Vulieni mitungi majini, mabaharia waivute, na mkubaliane na bosi mapema kwamba siku hiyo mwingine ndiye anabeba. Bega likianza kuuma jioni, wenye nguvu husema ni mitungi, kumbe inaweza kuwa ugonjwa wa dekompresheni, yaani viputo vya gesi mwilini. Mwambie nahodha, omba oksijeni asilimia 100 saa hiyohiyo, na daktari apigiwe simu kabla hujalala.