Dhahabu nyeupe ikionyesha umanjano, soma mhuri kabla ya kumlaumu sonara

Dada uliyeanzisha uzi huu, nimeyasoma maelezo yako mara mbili na moyo umeniuma. Umesema pete yako ya dhahabu nyeupe ilikuwa inameta siku ya harusi, na sasa, miaka miwili tu, upande wa kiganjani umeanza kuonyesha umanjano. Ya mumeo, ya fedha, imepiga weusi. Ukazitia zote mbili kwenye jiki usiku kucha, asubuhi ukazisugua kwa dawa ya meno, zikazidi kuharibika, na sasa umeapa kumwendea sonara umwite mwizi mbele ya wateja wake. Nakuomba usiende leo. Kwa hayo uliyoyaeleza sioni dalili ya wizi. Naona pete za madini mawili tofauti zilizotunzwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Nimekulia kwa mjomba wangu, sonara wa Tanga. Nikiwa shule ya msingi, kazi yangu ya jioni ilikuwa kufagia karakana, na taka nilizofagia hazikutupwa. Ziliwekwa kwenye debe, na debe likijaa zinachomwa na kusafishwa, kwa sababu ndani yake mna dhahabu iliyodondoka kwenye tupa na kwenye brashi ya kung'arishia. Hilo debe nitalirudia. Mjomba hakuwahi kuitia dawa pete ya mtu kabla ya kuweka kioo jichoni na kusoma mhuri wa ndani. Nawe anza hapo. 750 ni karati 18, yaani sehemu 75 kati ya 100 ni dhahabu. 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. 916 ni karati 22 na 875 ni karati 21, ndizo tunazoletewa sana kutoka Uarabuni. 925 ni fedha. 950 ikiambatana na herufi Pt ni platinamu. Mhuri unaweza kughushiwa, kweli, lakini sonara ana jiwe la kupimia na tindikali. Mwombe aipime mbele ya macho yako, ni kazi ya dakika chache.

Sasa huo umanjano. Dhahabu asili yake ni ya njano. Ili ipauke huchanganywa na paladiamu au nikeli, na hata hapo weupe wake haukamiliki, hubaki na rangi ya kijivu yenye umanjano kwa mbali. Weupe ule uliokuvutia dukani ni rodiamu, madini ya jamii ya platinamu, ambayo pete huchovywa kwa nguvu ya umeme. Utando wake ni mwembamba mno, unywele mmoja unauzidi unene mara nyingi. Kiganjani ndiko unakoshikia ufagio, mwiko na mpini wa ndoo, kwa hiyo huanza kulika huko. Kuna mtu humdumu mwaka mmoja, mwingine mitatu, kutegemea mikono yake inafanya kazi gani. Sonara alipaswa kukueleza hayo siku alipopokea pesa yako. Hilo ni kosa lake na una haki ya kumwambia. Lakini pete yenyewe inaweza kuwa halali kabisa.

Kilichonitisha mimi ni jiki. Klorini iliyomo hushambulia vile vilivyochanganywa na dhahabu, yaani nikeli, shaba na zinki, na kadiri karati inavyoshuka ndivyo madhara yanavyozidi. Pete kwa nje unaiona ni ile ile, kumbe vikucha vinavyoshika jiwe vimekuwa vikavu. Nilimwona mama mmoja ambaye kila siku alikuwa akideki kwa jiki na pete ya karati 9 kidoleni. Alikuja jiwe halipo. Mjomba alipogusa vikucha vilivyobaki kwa kibanio, viwili vikakatika kama biskuti. Kwa hiyo kama pete yako ina jiwe, isogeze sikioni uitikise taratibu. Ukisikia kitu kinagongagonga, ivue na usiivae tena mpaka fundi akaze vikucha. Na tafadhali sana, mtu asije akakushauri uongeze limao au siki kwenye jiki ili uchafu utoke upesi. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Dawa ya meno nayo ina chembe za kusugulia. Meno yanazistahimili, utando wa rodiamu hauzistahimili, na kwenye dhahabu laini ya karati 22 huacha mikwaruzo myembamba inayoua mng'ao. Hali kadhalika majivu na waya wa kusugulia masufuria.

Ya mumeo ni habari nyingine. Weusi wa fedha hausababishwi na jasho peke yake, wala si alama ya husuda kama alivyosema yule mchangiaji wa juu. 925 ni sehemu 92.5 za fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Salfa iliyomo hewani, kwenye mayai, kwenye vitunguu na kwenye mpira, ikikutana na fedha huunda utando mweusi. Ndiyo maana pete ya fedha ukiifunga pamoja na noti kwa mpira, baada ya wiki chache utaikuta na mstari mweusi pale mpira ulipogusa. Ikiwa ni pete tupu isiyo na jiwe, tandika foili ya kufungia chakula ndani ya bakuli, iweke pete ikigusana na foili, nyunyiza kijiko cha baikaboneti ya soda, halafu mimina kikombe cha maji ya moto. Utasikia harufu kama ya yai bovu. Hiyo ni salfa inayoiacha fedha. Dakika chache zinatosha, kisha suuza na ukaushe kwa kitambaa laini. Uzuri wake ni kwamba hukwangui fedha yenyewe. Ila kwa kuwa pete ya mumeo ilishalala kwenye jiki, ningeanza kwa kumwonyesha sonara.

Ndoa yetu sisi ina madini mawili tangu siku ya kwanza. Mume wangu, kama wanaume wengi wa Kiislamu huku pwani, havai dhahabu kwa sababu ya dini. Pete yake ni ya fedha yenye akiki iliyochorwa. Hiyo siiweki kwenye maji ya foili, kwa kuwa kito kimekalishwa kwa gundi na weusi ulio ndani ya nakshi umewekwa makusudi na fundi. Huipitishia kitambaa kikavu basi. Yeye ni fundi magari, na nilimwomba kwa machozi awe anaivua akishika betri. Fedha hupitisha umeme kuliko madini mengine yote. Spana ikigusa kichwa cha chanya cha betri na pete ikigusa spana na bodi ya gari, pete inakuwa kaa la moto kabla hujaivuta. Kijana mmoja wa gereji yao ana kovu la duara kidoleni mpaka leo. Siku hizi mume wangu anafika kazini, anavua, anaitia kwenye kikopo chenye mfuniko.

Mimi nilipewa na shangazi pete ya karati 22 kutoka Muscat, nzito, laini, ya njano iliyoiva. Tulipotimiza miaka 10 mume wangu akaninunulia ya pili, dhahabu nyeupe ya karati 18 yenye tanzanaiti. Kwa furaha nikazivaa zote kidole kimoja, usiku na mchana, na hapo ndipo nilipokosea mimi niliyelelewa kwa sonara. Karati 22 ni laini. Ile ngumu iliisugua kila nilipokunja mkono. Baada ya miaka mitatu mjomba aliipima akanionyesha: upande mmoja umelika na ukingo umekuwa mkali kama wa kopo. Nililia kwa sababu shangazi alikuwa ameshafariki. Sasa kila moja ina mkono wake, na nikizivua kila moja ina kifuko chake cha kitambaa. Usiziache zigongane kwenye kisanduku kimoja. Almasi hukwaruza kila kitu, na tangsteni hukwaruza dhahabu, fedha na hata platinamu.

Hiyo tanzanaiti nayo ina masharti yake. Inachimbwa Mererani, Manyara, mahali pekee duniani, tangu ilipogunduliwa 1967, na tunajivunia, lakini si jiwe gumu. Ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10, na vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Kwa hiyo usiifute ikiwa kavu. Isuuze kwanza vumbi litoke. Usiitoe kwenye maji ya moto ukaitia ya baridi, inaweza kupasuka. Na fundi akitaka kuitumbukiza kwenye ile mashine ya kusafishia inayotetemesha maji kwa mawimbi ya sauti, mkatalie.

Kuna aliyeuliza kuhusu pete za titaniamu na tangsteni za bei nafuu. Hazihitaji matunzo mengi, sabuni na maji tu. Tatizo ni kidole kikinenepa. Tangsteni haipanuliwi kabisa, titaniamu ni kwa shida, mafundi wengi wetu hawana vifaa. Kidole kikivimba, titaniamu hukatwa kwa msumeno maalumu, na tangsteni hubanwa kwa plaizi mpaka ipasuke vipande, maana ni ngumu lakini haipindi. Shemeji yangu aliyekuwa mjamzito alitolewa yake hivyo. Mjamzito yeyote anayesoma hapa avue mapema, kabla miguu na vidole havijaanza kujaa.

Na wale wenzetu wa machimbo, Geita na Chunya: pete ya dhahabu isikaribie zebaki. Binamu yangu alirudi na pete imekuwa nyeupe, akadhani imetakata. Zebaki inaingia ndani ya dhahabu na kuidhoofisha. Kijana mmoja alitaka kuichoma kwa moto wa mkaa ili rangi irudi, mjomba akamnyang'anya. Mvuke wa zebaki ni sumu, hauonekani, na nyumba ile ilikuwa na watoto. Pete ya namna hiyo ifungwe kwenye chombo na apewe fundi mwenye vifaa vya kuzuia mvuke.

Kwa siku za kawaida mimi natumia maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini wa mtoto, ndani ya bakuli na si juu ya sinki. Navua kabla ya kukanda unga wa chapati, kwa sababu unga hujazana chini ya jiwe na kuganda, na kabla ya kupaka hina na kuingia baharini, kwani maji ya baridi hufanya kidole kisinyae na pete huteleza bila wewe kuhisi.

Sasa nirudi kwenye lile debe. Kila pete inapong'arishwa, sehemu yake hubaki kwenye brashi na kuishia kwenye taka zile. Wako wanaong'arisha kila Idi au kila Krismasi, na baada ya miaka pete imekuwa kama waya. Kwa hiyo nenda kwa sonara wako, mwombe akague vikucha kwanza, kisha aondoe mikwaruzo ya dawa ya meno mara moja hii, ndipo achovye rodiamu. Akichovya juu ya mikwaruzo, itaonekana vile vile. Muulize bei kabla, na kama anaipeleka kwa fundi mwingine akuandikie uzito wake kwenye risiti. Kidole kikiwa kinakuwasha chini ya pete, mwambie, huenda ni nikeli, na hapo mzungumze juu ya kubadilishana na yenye paladiamu.

Kabla ya hapo, kesho asubuhi kaa penye mwanga wa dirisha, usome ndani ya pete zote mbili, uniandikie namba ulizoziona, na kama ya mumeo ina jiwe ulitaje ni jiwe gani. Nipo.