Thamani hii anaijua nani? Kwa mnaoanza kuandika draiva za Linux

Umefungua datashiti ya chipu, umekuta rejista zimejaa biti za kuwasha na kuzima, na sasa unajiuliza zipi ziingie kwenye mti wa vifaa (device tree, faili linaloieleza kerneli, yaani kiini cha Linux, bodi ina vifaa gani), zipi aachiwe mtumiaji, na zipi draiva ijiamulie yenyewe. Wengi wanaoanza huunda kipengele cha usanidi kwa kila biti, kwa nia njema kabisa, wakidhani wanampa mtumiaji uhuru. Nakusihi usianzie kwenye rejista. Jiulize kwanza: thamani hii anaijua nani, na anaijua wakati gani?

Chukua INA226 ya Texas Instruments, chipu ya kupima umeme unaopita kwenye betri au paneli ya sola. Yenyewe haioni ampea. Inapima volteji ndogo inayojitokeza kwenye rezista ya shanti, yaani rezista ndogo ambayo umeme unaopimwa hupitia, kisha volteji hiyo inagawanywa kwa ukubwa wa rezista. Ukubwa huo haumo ndani ya chipu, wala draiva haina njia ya kuugundua. Anayeujua ni aliyechora saketi, na rezista ikishalehemiwa imekwisha. Kwa hiyo mahali pake ni mti wa vifaa, kwenye `shunt-resistor`, kwa maikro-omu. Ukiiacha wazi, draiva ya ina2xx huchukulia 10,000, yaani omu 0.01. Kama bodi yako ina rezista ya omu 0.1, nusu ampea itasomeka ampea tano, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaokuonya. Anwani ya chipu nayo ni hivyohivyo: jinsi pini A0 na A1 zilivyounganishwa ndiyo inayoamua iwe ipi kati ya 0x40 na 0x4F.

Sasa tazama wastani. INA226 inaweza kutoa wastani wa vipimo kuanzia 1 hadi 1024. Anayefuatilia chaji ya betri usiku kucha anataka namba zilizotulia; anayechunguza mota inavuta umeme kiasi gani inapoanza kuzunguka anataka vipimo vya harakaharaka. Bodi ni ileile, na huenda mtu ni yuleyule, asubuhi na jioni. Aliyechora saketi hana la kusema hapa. Ndiyo maana draiva huweka faili la `update_interval` chini ya /sys, libadilishwe mashine ikiwa inafanya kazi. Ukilipeleka jambo hili kwenye mti wa vifaa, unamlazimisha mtu aunde upya faili la kuwashia mashine kwa sababu tu amebadili nia.

Yako pia mambo ambayo chipu yenyewe inayajua. Rejista 0xFF ya INA226 hutaja aina ya chipu pamoja na toleo lake. Usimwombe binadamu aandike toleo kwenye usanidi wakati draiva inaweza kulisoma. Siku chipu ikibadilishwa, maandishi yatabaki ya zamani.

Kuna mahali ambapo swali linahitaji uvumilivu. Kasi ya njia ya I2C, yaani nyaya ambazo chipu huwasiliana kwazo, inafanana sana na matakwa ya mtumiaji, kwani nani hapendi kasi? Datashiti ya INA226 inaruhusu hadi megahezi 2.94. Lakini chipu haiko peke yake kwenye nyaya zile. Kuna chipu nyingine, kuna urefu wa nyaya, kuna rezista zinazozivuta juu, na kwa kasi ya kilohezi 400 jumla ya kapasitansi haitakiwi kuzidi pikofaradi 400. Hayo yote yaliamuliwa bodi ilipochorwa, kwa hiyo `clock-frequency` ni maelezo ya bodi na inakaa kwenye mti wa vifaa kwa haki.

Parameta za moduli, yaani thamani ambazo draiva hupewa inapopakiwa, ni kishawishi kikubwa kwa sababu ni rahisi kuandika. Ziepuke. Parameta ni moja kwa vifaa vyote vinavyotumia draiva hiyo. Bodi yenye INA226 mbili, moja ya betri na moja ya paneli, kila moja na shanti yake, tayari imekushinda.

Msimbo wa vichakataji vya ARM ndani ya kerneli uliwahi kujaa mafaili ya C ya bodi mojamoja, hadi Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalalamika hadharani mwaka 2011, na mti wa vifaa ukashika nafasi hiyo. Ukali wa wakaguzi wa msimbo wa kerneli leo una sababu: mti uliokwisha kusambazwa na bodi unatarajiwa uendelee kufanya kazi na kerneli mpya. Kipengele ulichokisahau utakiongeza baadaye bila shida. Ulichokiweka bila kufikiri utakitunza kwa miaka. Vighairi vipo kweli, kama `linux,default-trigger` ya taa za LED, ambayo ni matakwa matupu. Angalau kiambishi chake cha `linux,` kinakiri wazi kwamba hayo si maelezo ya kifaa.

Kabla ya kutuma kazi yako, andika kwanza maelezo ya kipengele kwenye faili la YAML linaloeleza vipengele vya kifaa katika mti wa vifaa, bila kutaja draiva wala Linux. Ukiona huwezi kukieleza hivyo, kiondoe, ndipo uendeshe `make dt_binding_check`, amri inayokagua faili hilo.