Sado Yangu, Mabondo Yangu na Mafundisho ya Budha

Juzi nimepokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Geita. Yeye ni mshika funguo wa kikoba chao. Mwenzake mmoja ametoweka na hela za kina mama ishirini na wawili, na sasa wenye hela wanamtazama yeye. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, wewe ulisamehe vipi? Mimi nikimkumbuka nashindwa hata kumeza mate."

Dada yangu, nani kakwambia nilisamehe?

Wanaonisoma siku nyingi wanakijua kisa cha mabondo. Nitakisimulia tena, kwa sababu kila nikikisimulia nagundua kuna kipande nilikificha. Leo nitakitoa.

Mwaka 2019 nilikuwa nafanya biashara ya mabondo hapa Mwanza. Kwa asiye wa Kanda ya Ziwa, bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara. Bibi yangu alikuwa anawatupia kunguru. Leo yanakaushwa, yanapangwa kwa ukubwa, yanasafirishwa hadi Uchina, na kilo yake inaiacha mbali kilo ya minofu. Mimi nilikuwa na mtaji, mwenzangu alikuwa na miguu. Yeye ndiye aliyekuwa anavuka kwenda Ukerewe na visiwa vya jirani, anazunguka mialoni kwa wavuvi, ananunua na kuleta. Tumekua wote Igogo, tumekula sahani moja kwa mama yake, na siku ya harusi yangu ndiye aliyesimama pembeni yangu na suti ya kuazima. Hatukuwahi kuandikiana karatasi. Utaandikianaje karatasi na mtu wa namna hiyo?

Nikampa 4,600,000. Nusu yake ilikuwa mkopo. Akapanda meli asubuhi, jioni simu ikawa haipatikani. Baada ya wiki mbili nikasikia yuko Musoma na pikipiki mbili mpya.

Sasa kile kipande. Sikwenda polisi kwanza, nilikwenda kwa mganga. Nilipanda kivuko cha Kamanga, nikavuka upande wa Sengerema, nikatoa 50,000, na mzee akaniambia nimwoneshe sura ya adui. Nikamwonesha picha ya harusi yangu kwenye simu. Tulikuwa tumesimama wote wawili tunacheka, na mzee akauliza, "Ni yupi?" Akataka nirudi na jogoo mweusi pamoja na 200,000 nyingine. Sikurudi. Ningependa kuwaambia kwamba dhamiri ilinisuta, lakini ukweli ni kwamba hela ilikuwa imeisha.

Miaka miwili iliyofuata siisimulii. Nililipa mkopo, nikahamia kwenye dagaa pale soko la Kirumba Mwaloni, basi.

Budha nilikutana naye Makoroboi, kwa machinga wa vitabu vya mtumba. Kitabu hakikuwa na jalada, kilikuwa cha Kiingereza, nikakinunua 2,000 kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na sikutaka kusimama bure kwenye turubai la mtu. Huyu bwana, Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini, ambayo leo iko Nepal, miaka kama 2,500 iliyopita. Mapokeo yanasema akiwa na miaka 29 aliondoka kwenye nyumba ya kifahari, akamwacha mke na mtoto mchanga, na akiwa na miaka 35 akaketi chini ya mti kule Bodh Gaya, India, mpaka akaelewa mateso yanatoka wapi. Kuhusu kumwacha mke na mtoto mchanga nina maneno yangu, ila leo si siku yake.

Kilichonishika ni mfano wa mishale miwili. Budha anasema mtu asiyefundishwa akipatwa na maumivu huhuzunika, hulia, hujipiga kifua, na hapo anakuwa kama mtu aliyechomwa mshale, halafu akachomwa wa pili. Mwenye hekima naye anachomwa, kwa sababu kuwa na hekima hakukufanyi jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani hapa kwetu. Ila yeye anachomwa mmoja tu.

Nilikaa juu ya mawe nyuma ya nyumba, pale kwetu Mabatini ambako ukitoka mlangoni unakanyaga mwamba, nikapiga hesabu. Mshale wa kwanza alinichoma yule mwenzangu, siku moja, 4,600,000. Wa pili nilikuwa najichoma mwenyewe kila usiku, kwa mkono wangu, na nikawa naulenga vizuri. Presha. Kuwafokea watoto kwa kumwaga uji. Kumwambia mke wangu kwamba hata kaka zake siwaamini. Siku niliposikia pikipiki moja ya yule bwana imeibwa, niliwanunulia soda watu wanne pale kizimbani kwangu sokoni, nikasema, "Karma hiyo!"

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunalitumia neno karma kama tunavyosema malipo ni hapa hapa duniani, yaani ni rungu la kumpiga mwingine. Maana yake ni tendo tu. Na Budha akaenda mbele zaidi, akasema nia ndiyo anayoiita karma. Mtu hunuia kwanza, ndipo hutenda kwa mwili, kwa maneno au kwa mawazo. Basi wizi wa pikipiki ulikuwa wa mwizi wa pikipiki. Zile soda nne zilikuwa karma yangu.

Nikaanza kukaa kimya asubuhi, robo saa, nikiifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Mke wangu alidhani nimepungukiwa. Watoto wa jirani wakanitungia jina, Frimasoni. Nawasamehe hao, angalau hao.

Lakini dada, hayo yote hayakunigusa kama habari ya mtoto. Yule mtoto aliyeachwa mchanga anaitwa Rahula. Alikuja kumfuata baba yake, na mapokeo yanasema aliingia utawani akiwa na miaka saba. Siku moja Budha alikwenda kumtembelea. Mtoto akamwandalia mahali pa kukaa na maji ya kunawa miguu. Baba akanawa, akabakiza maji kidogo chomboni, akamuuliza: unayaona maji haya yalivyo kidogo? Ndivyo ulivyo kidogo utawa wa mtu asiyeona haya kusema uongo kwa makusudi. Akayamwaga: ndivyo unavyomwagwa. Akakigeuza chombo juu chini: ndivyo unavyogeuzwa. Akakiinua tena: ndivyo ulivyo mtupu.

Nilisoma hapo nikafunga kitabu. Nilikuwa nimekaa kwenye kizimba changu, na chombo kilikuwa mbele yangu.

Ile sado yangu, kindoo cha kupimia dagaa, kitako chake nilikipasha moto wa mkaa mwaka 2020, nikakisukuma kwa ndani na mpini wa jembe, kikapoa kikiwa kimebonyea. Ukiitazama kwa juu ni sado kama sado nyingine. Ukiijaza, kiganja kizima cha dagaa hakimo. Na dagaa wengine walikuwa wameanikwa mchangani, nikawachanganya na wa chanja na kuwauza wote kwa bei ya chanja. Kabla ya kudhulumiwa sikuwahi kufanya hivyo, naapa. Nilianza baada ya kudhulumiwa. Nilijiambia, dunia imeniibia, na mimi nachukua changu. Mama wa Buzuruga anayekaanga dagaa na kuuza kwa mafungu alikuwa ananilipia deni la mtu wa Musoma, wala hajui.

Kuna siku nilianza kupiga hesabu ya viganja vile vyote, sado kwa sado, mwezi kwa mwezi. Nikaacha kabla sijafika 4,600,000, kwa sababu niliona inakoelekea.

Kwa hiyo ushauri wangu, dada, na nyie wote mnaonisoma. Najua mnataka nini, kwa sababu ndicho ninachotaka mimi: mtaji ukue, kiwanja kipatikane Buswelu, watoto wasome, uitwe bosi hata na waliokucheka. Hakuna ubaya. Budha mwenyewe hakuwakataza watu wa majumbani kutafuta mali. Alitaka itafutwe kwa jasho na kwa haki. Alichomwambia mwanawe siku ile ni hiki: kioo ni cha nini? Cha kujitazamia. Basi jitazame kabla ya kutenda, jitazame wakati unatenda, jitazame baada ya kutenda. Je, tendo hili linaniumiza mimi, linamuumiza mwenzangu, linatuumiza wote? Kama linaumiza, liache. Ukiwa katikati, acha katikati. Ukishalimaliza, likiri mbele ya mtu mwenye busara, usirudie.

Hiyo ndiyo mbinu yangu ya kwanza. Ya pili ni hiyo hiyo, kwa sababu ya kwanza hamtaifanya. Kabla hujamtumia yule mwanamke aliyetoroka ule ujumbe wa matusi ulioshauandika na kuufuta mara tatu, jiulize kabla. Kabla hujawaambia wanakikoba maneno usiyo na uhakika nayo ili wakuondolee macho, jiulize kabla. Nenda ukaripoti, leta daftari, onesha hesabu. Budha hakusema tukae tukiibiwa. Ila hesabu ziwe hesabu, zisiwe kisasi kilichovaa miwani.

Ndugu zangu, tumezoea kudhani maadili ni orodha ya mambo wanayotakiwa kufanya wengine! Mfanyabiashara anamlalamikia mtu wa ushuru, mtu wa ushuru anamlalamikia mkubwa wake, mkubwa naye nyumbani analalamika kwamba muuza dagaa kampunja. Sote tuna sado.

Wapo watakaoniuliza kama nimebadili dini, na wapo walioshaniuliza. Jumapili niko kanisani, na mke wangu ni shahidi. Budha aliyafananisha mafundisho yake na chelezo: ukishavuka, huchukui chelezo ukakibeba kichwani. Mtu wa ziwani haelezwi mara mbili hapo. Na msidhani ni mambo ya mbali sana. Ng'ambo ya maji haya haya, karibu na Entebbe, kuna kituo cha Wabudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Kutoka kwetu hadi kwake ni ziwa tu.

Swali gumu zaidi aliniuliza kijana mmoja mwaka jana, kwa kebehi, na sina jibu zuri mpaka leo. Budha alitaja biashara tano ambazo mfuasi wa kawaida asizifanye: silaha, viumbe hai, nyama, vileo na sumu. "Na wewe mzee wa dagaa?" Ndiyo. Sado moja ina roho ambazo sithubutu kuzihesabu. Nimejitetea kwamba sivui, nanunua tu, lakini huo ni utetezi wa mtu mwenye sado iliyobonyea. Ninachofanya ni kidogo: sinunui samaki ninaojua wamevuliwa kwa sumu, wala dagaa wa kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, hata wakiwa nusu bei. Watoto wanasoma kwa dagaa. Hapo ndipo nilipofika.

Sasa, kama nilisamehe.

Jumamosi iliyopita, saa nne hivi, mama wa yule mwenzangu alikuja Kirumba. Sikumwona miaka sita. Amepungua, anatembea kwa mkongojo, mjukuu amembebea kikapu. Nikasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe uko huku! Nipimie sado moja, ya kwako najua haitakuwa na mchanga."

Sijui kama anajua. Hakutaja jina la mwanawe, na mimi sikulitaja. Ile sado ya zamani nimeitundika kwenye msumari juu ya kizimba, napimia dagaa kwa mpya. Miezi mingi imekaa pale, sijaigusa. Nawaambieni, mkono wangu ulikwenda kwenye msumari. Nilikuwa natabasamu, naulizia habari za nyumbani, na mkono unakwenda. Niliuona umefika nusu ya njia ndipo nikaurudisha.

Nikachota kwa ile mpya, nikajaza, nikaongeza kiganja, nikaongeza cha pili. Akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana," akalipa, akanipa na elfu moja ya kumnunulia mwanangu biskuti. Halafu akainua macho.

"Na hiyo iliyoning'inia?"

"Imebonyea, mama."

"Si unipe basi, nikachotee pumba za kuku."

Nikamwambia hiyo bado naihitaji.