Billy the Kid Hakuwa Mashoto

Mhariri, swali lako la wiki hii ni kama filamu inayosimulia maisha ya mtu aliyepata kuishi ina ruhusa ya kupotosha habari zake, na kama inayo, iishie wapi. Nitajibu kwa filamu moja tu, ya mwaka 1958, ambayo kosa lake limeandikwa kwenye jina lenyewe: The Left Handed Gun, yaani bastola ya mtu wa mashoto. Ndiyo filamu ya kwanza ya sinema aliyoiongoza Arthur Penn, na ndani yake Paul Newman anaigiza Billy the Kid, jambazi wa New Mexico aliyeuawa Julai 1881 akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei.

Billy hakuwa mashoto. Chanzo cha dhana hiyo ni picha yake mashuhuri iliyopigwa Fort Sumner, huko New Mexico, karibu mwaka 1880 kwenye kipande chembamba cha chuma. Picha za namna ile hazikuwa na negativu, yaani nakala ya kati ambayo picha husafishwa kutoka kwayo. Mwanga uliandika moja kwa moja juu ya bati, na kilichotoka kilikuwa sawa na mtu anavyojiona kwenye kioo, kulia kukiwa kushoto. Nilifanya kazi studio enzi za kusafisha picha kwa mkono, na aibu hiyo naifahamu: niliwahi kuigeuza negativu ya bwana harusi, na aliyegundua alikuwa fundi cherehani aliyeshona suti, kwa kuwa vifungo vya koti vilikuwa vimehamia upande wa kike. Kwa Billy shahidi ni bunduki aliyoishika, Winchester ya mwaka 1873, ambayo kijimlango chake cha kutilia risasi kiko ubavu wa kulia ilhali pichani kinaonekana kushoto. Igeuze picha, bunduki inakaa sawa, na bastola inahamia nyonga ya kulia.

Kosa hilo nalisamehe, maana halibadilishi sababu ya tukio lolote. Nisilolisamehe linamhusu John Tunstall. Katika filamu ni mzee mpole, mtu wa Biblia, anayemchukua Billy kama mwanawe. Anapouawa, kijana anaapa kulipiza kisasi, na yote yanayofuata yanatoka kwenye kilio hicho. Tunstall halisi alikufa akiwa na miaka 24. Alikuwa Mwingereza aliyekwenda kutafuta utajiri katika kaunti ya Lincoln, mahali ambapo duka la Murphy na Dolan lilikuwa limeishika biashara yote, pamoja na zabuni za kupeleka nyama kwenye ngome ya Fort Stanton na kwa Waapache wa Mescalero, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Yeye, akisaidiwa na wakili Alexander McSween, akafungua duka la kushindana nalo, na tarehe 18 Februari 1878 akapigwa risasi na kundi lililotumwa na sherifu William Brady kukamata mali yake. Vita vilivyofuata vilikuwa vya wenye maduka, vikiwa na hati za mahakama kila upande na vijana wa kukodiwa kama Billy katikati. Filamu ilipomzeesha Tunstall iligeuza ugomvi wa biashara kuwa msiba wa yatima, na mtazamaji anatoka ukumbini bila kujua nani alikuwa akimuuzia nani nyama. Mpaka wangu, Mhariri, uko hapo.

Hata hivyo siwezi kuitupa filamu yenyewe, kwa sababu ya onyesho moja. Tunstall anamweleza Billy maneno ya Paulo kwa Wakorintho, kwamba wakati huu tunaona kwa kioo kwa jinsi ya fumbo. Baadaye Billy anasimama mbele ya dirisha lililofunikwa na mvuke na kuchora kwa kidole mtaa na mahali pa kuwavizia maadui, kisha mchoro unayeyuka na mtaa wenyewe unatokea. Kwetu kioo cha dirisha na kioo cha kujitazamia ni neno moja, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili haoni umbali wowote kati ya dirisha lile na kile kipande cha bati cha Fort Sumner.

Yumo pia Moultrie, mtu asiyekuwapo katika historia, anayemfuata Billy kila aendako akimshangilia na kumwonyesha vijitabu vinavyomsifu. Mwishoni, akimkuta si yule wa vijitabuni, anakasirika na kumsaliti kwa Pat Garrett, sherifu aliyemuua Billy. Garrett halisi naye alitoa kitabu chake mwaka 1882, na humo anasimulia kwamba aliketi kando ya kitanda katika chumba chenye giza, Billy akaingia, akauliza kwa Kihispania, “Ni nani?” Hakujibiwa, Garrett alifyatua. Filamu imechagua mwisho mwingine: Billy anapeleka mkono wa kushoto kwenye ala isiyo na bastola.