Kabla Fundi Hajatoa Masega ya Gari Lako

Niliujua ugonjwa wa gari langu nikiwa katikati ya mlima Kitonga, nyuma ya lori la mizigo, mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho na gari linakwenda mwendo wa baiskeli. Ni gari dogo la Kijapani la cc 1500, lililoingia nchini likiwa limeshatumika, kama mengi tunayoendesha. Wiki tatu kabla ya safari ile, taa ya injini ilikuwa ikipepesa kila nikikanyaga mafuta, kisha inatulia. Injini nayo ilikuwa inatetemeka kidogo. Nikajiambia nikirudi Dar nitalipeleka gereji. Wiki hizo tatu ndizo zilizoua masega.

Masega ni kile kifaa cha kwenye ekzosi ambacho ndani yake kuna kauri yenye vitundu vidogo vingi, mfano wa sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksaidi na mabaki ya petroli ambayo hayakuungua hugeuka kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, na oksaidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Lakini kifaa hiki hakifanyi kazi kikiwa baridi. Kinataka joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi ndipo kianze. Gari linalowashwa asubuhi kwenda dukani tu na kuzimwa linatoa moshi mchafu safari nzima.

Kilichonipata mimi ni koili ya silinda ya tatu kufa, yaani kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche. Petroli ikawa inaingia silinda ile bila kupata cheche, inatoka mbichi na kwenda kuungulia ndani ya masega. Joto likapita kiasi, kauri ikayeyuka, vitundu vikaziba. Injini iliyozibwa pa kutolea moshi haiwezi kuvuta hewa mpya, kwa hiyo nguvu inakwisha. Fundi aliyenisaidia Iringa alifungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, akawasha gari. Kelele ilikuwa kubwa, lakini nguvu ilirudi palepale kwa sababu moshi ulipata upenyo. Mashine ya kupimia ikatoa P0303, yaani silinda ya tatu inamisi, na P0420, yaani masega hayasafishi moshi inavyotakiwa.

Basi naomba hili mlishike. Taa ya injini ikiwaka moja kwa moja, panga siku ya karibu ukapime. Ikianza kupepesa, achia mafuta, tafuta pa kuegesha salama, zima. Kupepesa ni taarifa kwamba masega yanaungua wakati huohuo unaoendesha. Bei ya koili haikaribii kabisa bei ya masega mapya, na plagi ni rahisi zaidi.

Niliporudi Dar, ushauri wa gereji ya kwanza ulikuwa: toa masega, gari litapata mbio. Nilikubali, na najuta. Mbio nilizozipata ni zilezile za zamani, kwa kuwa kilichoondoka ni kizuizi. Masega mazima hayalizuii gari kwa kiasi utakachokihisi barabarani. Lakini harufu kali ikawa inaingia ndani kila nikikwama kwenye foleni, na asubuhi nilikuwa nalipasha gari chini ya dirisha la chumba wanacholala watoto wa jirani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko fedha. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na mtoto hawezi kuikimbia akiwa usingizini.

Tena taa haikuzimika. Sensa ya nyuma kazi yake ni kulinganisha moshi uliotoka kwenye masega na ule wa mbele, na kama masega hayapo, zote mbili zinasoma kitu kilekile. Nikashauriwa niweke kipande cha kuisogeza sensa ili idanganyike. Nilikataa. Taa inayowaka siku zote, au iliyonyamazishwa, haiwezi kukuonya koili nyingine ikifa.

Mafundi wa zamani watakwambia masega hayaendani na petroli yetu. Ulikuwa ukweli enzi za petroli yenye risasi, kwani risasi hufunika yale madini na kuyaua kabisa. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imetoka sokoni karibu kote. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Sababu hiyo haipo tena.

Kinachoua masega yetu leo ni injini isiyotunzwa. Injini inayokula oili inapeleka fosforasi kwenye masega, nayo inaziba madini polepole. Pima oili kila wiki, na ukiona moshi wa bluu usitegemee kuongeza tu. Kagua ile valvu ndogo inayopumulia injini: ichomoe, itikise, ikiwa nzima inalia kwa ndani. Ikiziba, oili hutafuta njia nyingine. Maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja nje, shuku gasketi ya silinda hedi, maana dawa iliyomo kwenye kuulanti nayo inaharibu masega na sensa. Na mkatalie fundi anayechomoa koili moja moja injini ikiwa inaunguruma ili ajue ipi imekufa. Kila anapochomoa, petroli mbichi inakwenda ekzosi. Mashine inataja silinda kwa namba.

Ukipata P0420, usikimbilie kununua masega wala sensa. Sikiliza kwanza kama ekzosi inavuja kabla ya sensa, kwa sababu hewa ya nje ikiingia pale, sensa husoma uongo.

Sehemu nyingine tunayoisahau ni mvuke wa petroli kwenye tangi. Kuna kopo la mkaa linaloushika ili injini ije iuchome. Bomba la kituoni likijikata, mwambie mhudumu inatosha. Kujaza mpaka mdomoni kunaweza kupeleka petroli ya maji kwenye mkaa, na kopo likalowa na kuharibika. Kifuniko cha tangi nacho kiwe na mpira mzima.

Mimi nilinunua masega mapya miezi minne baadaye, baada ya kubadilisha koili na plagi zote nne. Yale ya zamani sikuyapata. Fundi aliniambia ameyatupa, na sikujua wakati ule kwamba kuna wanaoyanunua kwa ajili ya madini yake. Wewe ukilazimika kubadilisha, simama hapohapo gereji, na uondoke na kifaa chako cha zamani mkononi.